Kuchagua Programu za Simu za Kusaidia Malezi: Vipimo Vitano kwa Mifano ya Wilaya ya Same

UTANGULIZI

Wazazi wengi wa Tanzania hulea watoto wao wakiwa mbali nao, au wakiwa mbali wao kwa wao. Katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, jambo hili ni la kawaida. Baba yuko Dar es Salaam au Arusha kwa ajili ya kazi. Mama analima Vudee au Suji. Mtoto wa kwanza yuko bwenini, na wa mwisho analelewa na bibi yake Ndungu. Wapo pia wazazi waliokwisha kuachana, ambao ndoa yao imekoma lakini uzazi wao haukukoma. Wote hawa huunganishwa na simu ya mkononi.

Simu hiyo sasa inaweza kubeba programu tumishi, yaani maagizo ya kompyuta yaliyopangwa ili yafanye kazi maalumu. Zipo programu za kumkumbusha mama siku za chanjo na kuchora ukuaji wa mtoto. Zipo za kumfundisha mzazi namna ya kuzungumza na kijana wake. Zipo za kudhibiti muda ambao mtoto anakaa mbele ya kioo cha simu, na zipo za kuwawezesha wazazi walioachana kugawana siku na gharama za mtoto. Idadi yake ni kubwa, na kila moja hujisifu. Mzazi atachaguaje?

Makala hii inakusudia kumpa mwalimu na mwanafunzi wa sekondari vipimo vitano vya kuchagulia. Vipimo hivyo vimetokana na masomo ya darasani: fizikia, baiolojia, hisabati na uraia. Mara nyingi mwanafunzi ndiye anayeombwa na wazazi wake awawekee programu katika simu, na kwa hiyo yafaa ajue anachokiweka. Jambo la kushikwa tangu mwanzo ni hili: programu hupimwa kwa familia itakayoitumia na kwa mahali itakapotumika. Jembe linalosifiwa katika mchanga wa tambarare huenda lisifae katika mteremko wa mawe.

KIPIMO CHA KWANZA: JE, INAFIKA?

Programu isiyofika kwa mtumiaji haina faida, hata ikiwa nzuri namna gani. Tutazame ramani ya Same. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha hupita upande wa magharibi wa milima, kupitia Hedaru, Makanya na Same mjini. Upande wa mashariki, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ziko Kisiwani, Gonja, Maore na Ndungu. Katikati imesimama Milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kina urefu wa takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Vijiji vingi vimo katika mabonde na mikunjo ya milima hiyo.

Simu hupokea mawimbi ya redio kutoka mnarani. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi ya mwanga kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wimbi la megahezi 900, ambalo limetumika sana kwa sauti na ujumbe mfupi, lina urefu huu:

300,000,000 ÷ 900,000,000 = mita 0.33

Intaneti ya kasi mara nyingi hupelekwa kwa mitetemo ya juu zaidi, kama megahezi 1,800 au 2,100. Mawimbi hayo ni mafupi, na wimbi fupi hupinda kwa shida zaidi linapokutana na ukingo wa mlima. Ndiyo sababu mtu aliye bondeni aweza kupiga simu vizuri huku kioo chake kikionyesha kwamba intaneti haipo. Simu yake haina kosa. Amesimama katika kivuli cha mlima.

Tena kuna ukubwa wa mzigo. Ujumbe mfupi mmoja una herufi 160, ambazo huchukua baiti 140. Programu moja ya megabaiti 70, yaani baiti 70,000,000, ni sawa na ujumbe mfupi 500,000. Mama mwenye simu ndogo ya vitufe hawezi kuipokea kabisa, na mwenye simu janja hulipia mzigo huo kwa kifurushi chake.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini huduma ya ujumbe mfupi isidharauliwe. Mwezi wa Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambayo iliwapelekea wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na wenzi wao ujumbe wa Kiswahili bila malipo. Haikuhitaji simu janja wala intaneti. Basi, kabla ya kupokea programu yoyote, mzazi aulize: inafanya kazi bila intaneti baada ya kuwekwa? Ina uzito gani? Inasema Kiswahili? Bibi anayekaa na mtoto ataweza kuitumia?

KIPIMO CHA PILI: JE, ELIMU YAKE NI YA HAPA?

Programu huweza kuwa sahihi ilikotengenezwa na kupotosha inakotumiwa. Mfano ulio wazi ni ratiba ya chanjo. Nchini Tanzania mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na ya polio anapozaliwa. Hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Nchini Uingereza mtoto huanza mfululizo wake katika wiki ya 8, kisha ya 12 na ya 16, na chanjo ya kwanza ya surua hungoja hadi anapotimiza mwaka mmoja. Kila nchi imepanga ratiba yake kwa kuangalia maradhi yaliyomo na umri ambao mtoto yumo hatarini zaidi.

Mama wa Mamba akiweka katika simu yake programu iliyotengenezwa London, programu itamwambia kwa upole mkubwa kwamba chanjo ya surua bado miezi mitatu. Upole huo utamchelewesha mtoto. Kadi ya kliniki ndiyo kipimo. Programu inayopingana na kadi iachwe.

Mfano wa pili ni mchoro wa ukuaji. Programu nyingi humwomba mzazi aandike uzito wa mtoto, kisha huchora nukta na kusema kama anakua vyema. Lakini nukta hiyo inalinganishwa na watoto gani? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilitumia kumbukumbu za Marekani, ambazo kwa watoto wachanga zilitokana na uchunguzi uliofanywa Ohio kati ya 1929 na 1975. Wengi wa watoto hao walinyonyeshwa kwa chupa. Mtoto wa maziwa ya mama huongezeka haraka katika miezi ya mwanzo, kisha mwendo wake hupungua kuliko wa mtoto wa chupa. Kwa sababu hiyo watoto wenye afya walionekana kana kwamba wanadhoofu, na akina mama wakaweza kushauriwa kuanza chakula kingine mapema bila haja.

Mwaka 2006 Shirika lilitoa viwango vipya, vilivyotokana na watoto walionyonyeshwa ipasavyo katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wadogo wa nchi hizo, wakitunzwa vyema, hukua kwa namna inayokaribiana sana. Kwa viwango hivyo, nusu ya wasichana wenye mwaka mmoja huwa na uzito unaozidi kilo 8.9, na nusu huwa chini yake. Mstari wa tahadhari uko kwenye kilo 7.0. Kwa wavulana, tarakimu hizo ni kilo 9.6 na 7.7. Programu isiyosema inatumia viwango vya nani haistahili kuaminiwa.

Hata viwango vikiwa sahihi, nukta moja haitoshi. Muuguzi huangalia mwelekeo wa mstari kwa miezi kadhaa. Mtoto mdogo anayepanda sambamba na mstari wake huenda ni mzima. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi mitatu anahitaji kuonwa mapema.

KIPIMO CHA TATU: JE, IMEJARIBIWA?

Wingi wa waliopakua programu si ushahidi kwamba inafaa. Dawa haikubaliwi kwa kuwa wengi wameinunua. Hukubaliwa baada ya majaribio. Programu ya malezi nayo huweza kujaribiwa, na Tanzania ina mfano wake.

Mwaka 2023, huko Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford kuijaribu ParentApp. Programu hii ilitengenezwa ili kuwasaidia wazazi wa vijana wa rika la balehe kujenga maelewano na kupunguza ukatili nyumbani. Ikishawekwa katika simu, hufanya kazi bila intaneti. Watafiti waliyagawa makundi 80 ya wakazi katika pande mbili kwa bahati nasibu. Upande mmoja ulipewa programu ya malezi. Upande wa pili ulipewa programu nyingine iliyohusu maji na usafi.

Mwanafunzi ajiulize maswali mawili juu ya mpango huo. La kwanza: kwa nini upande wa pili haukuachwa mikono mitupu? Mtu anayepewa kitu kipya na kutembelewa na watafiti aweza kubadilika kwa sababu ya kuangaliwa tu. Pande zote mbili zikipewa programu, tofauti itakayoonekana itakuwa imetokana na mafunzo ya malezi yenyewe. La pili: kwa nini yaligawanywa makundi ya majirani badala ya mtu mmoja mmoja? Majirani husimuliana. Mama aliyefundishwa namna ya kutuliza hasira atamweleza jirani yake kisimani, na jirani huyo akiwa wa upande wa pili, ulinganisho utaharibika.

Aidha, yatupasa kukumbuka mpaka wa jaribio kama hili. Walioshiriki ni watu wenye simu janja wa mjini na pembezoni mwa mji. Matokeo yao hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi Chome au Mbaga, penye simu za vitufe na mabonde yasiyo na intaneti. Swali la kumwuliza mtengenezaji ni hili: imejaribiwa kwa nani, wapi, ikilinganishwa na nini? Asipokuwa na jibu, sifa zake ni tangazo la biashara.

KIPIMO CHA NNE: INAIONA FAMILIA GANI?

Kila programu imebeba ndani yake picha ya familia. Picha hiyo haiandikwi mahali popote, lakini huonekana katika nafasi zilizoachwa za kujaza. Tuangalie programu za wazazi walioachana. Mojawapo ya zile za mwanzo ni OurFamilyWizard, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001. Ina kalenda ya siku za mtoto kwa kila mzazi, daftari la gharama, na mahali pa kuandikiana. Ujumbe ukishatumwa haufutiki wala haubadilishwi, na saa ya kusomwa kwake huonekana. Faida yake ni ya kweli: mtu anayejua kwamba maneno yake yatabaki huyapima kabla ya kuyaandika.

Lakini picha yake ni ya nyumba mbili zilizo karibu, ambazo mtoto huhamia kila baada ya siku chache, na ya wazazi wanaolipa ada kwa kadi ya benki. Mtoto wa Same ambaye baba yake yuko Dar es Salaam hahamihami kila Ijumaa. Hukaa muhula mzima upande mmoja, na likizo ndipo huenda kwingine. Bibi, shangazi na mjomba ni walezi kamili, na aghalabu wao ndio wanaojua kwamba viatu vya shule vimetoboka. Programu isiyo na nafasi ya bibi imemwacha nje mtu anayelala na mtoto chumba kimoja.

Sheria ya Tanzania nayo ina picha yake, na hiyo ndiyo inayotuhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho, na ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasivurugike. Haki hizi ni za mtoto. Kalenda ya programu inayohesabu siku za baba na siku za mama kana kwamba mtoto ni shamba la kugawana imeisahau shabaha.

Hapa Wapare wana somo la kale linalofaa. Katika milima yao wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ambayo hukusanya maji ya kijito usiku, na mchana maji huachiliwa mferejini kwa zamu. Ndiva haina akili yoyote. Inafanya kazi kwa sababu watumiaji wamekwisha kupatana nani anafungua, siku gani, na mfereji ukiziba nani anauzibua. Bila mapatano hayo, bwawa lingekuwa chanzo cha ugomvi. Programu ya wazazi wawili ni vivyo hivyo: mapatano hutangulia, chombo hufuata.

Wazazi waliokwisha kupatana huweza kufanya mengi kwa vyombo walivyo navyo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, humpa kila mtumaji na mpokeaji ujumbe wenye kiasi, tarehe na jina. Ujumbe huo, pamoja na daftari moja la gharama na ujumbe mfupi mmoja kila Jumapili juu ya hali ya mtoto, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya programu ya kulipia. Hata mbele ya mahakama, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokewa kama ushahidi. Uzito wake hutegemea namna ulivyotunzwa.

Walimu wanaijua hasara ya kukosa mapatano. Mwanafunzi anakosa sare au mchango wa chakula kwa sababu kila mzazi alidhani mwenzake amelipa. Au mtoto mwenyewe anafanywa tarishi: "Mwambie baba yako..." Mtoto anayebeba maneno ya hasira kati ya watu wawili anaowapenda hubeba mzigo unaozidi nguvu zake, na mzigo huo huonekana darasani. Programu, daftari au ujumbe mfupi, chochote kitakachomwondolea mtoto kazi hiyo, kimefanya jambo kubwa.

KIPIMO CHA TANO: INACHUKUA NINI?

Programu nyingi huitwa za bure. Lakini kazi ya watengenezaji na kompyuta zao hulipiwa na mtu. Iwapo mtumiaji halipi fedha, huenda analipa kwa taarifa zake: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, picha, maradhi, shule anayosoma, na mahali alipo kila saa. Taarifa hizi haziishi. Mtoto atakapokuwa mtu mzima atakuta maisha yake yamehifadhiwa na watu asiowajua, kwa ruhusa ambayo yeye hakuitoa.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko. Hata hivyo mlinzi wa kwanza ni mzazi. Programu ya kukumbusha chanjo haina haja ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu. Programu ya gharama haina haja ya kipaza sauti. Ombi lisilolingana na kazi likataliwe.

Programu zinazoonyesha mahali mtu alipo zahitaji hadhari ya pekee. Huweza kumpa mzazi utulivu. Huweza pia kumpa mtu mkatili njia ya kumwandama mwenzi aliyemkimbia, kupitia simu ya mtoto. Penye vitisho au vipigo, programu ya mapatano si dawa. Hapo pa kwenda ni kwa ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi, au kupiga Simu ya Huduma kwa Mtoto namba 116, ambayo haitozi malipo.

HITIMISHO

Tumeona vipimo vitano: kufika, kulingana na elimu ya hapa, kujaribiwa, kuitambua familia ilivyo, na kutochukua zaidi ya haki yake. Programu ikishindwa kipimo cha kwanza haitatumika. Ikishindwa cha pili au cha tano, yaweza kudhuru. Ikishindwa cha tatu au cha nne, yaweza kutumiwa kwa tahadhari, mradi mzazi ajue upungufu wake na kuujaza kwa njia nyingine. Kwa familia nyingi za milimani, jibu litakuwa programu moja nyepesi au hakuna kabisa, pamoja na kadi ya kliniki, daftari na simu ya sauti. Hilo si jibu la ushamba. Mtaalamu ni yule anayechagua chombo kidogo kabisa kinachotosha kazi.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kokotoa urefu wa wimbi la megahezi 1,800. Eleza kwa nini kijiji kilicho nyuma ya ukingo wa mlima chaweza kupata sauti lakini kikakosa intaneti ya kasi.

2. Programu ina megabaiti 42. Ni sawa na ujumbe mfupi mingapi wa baiti 140?

3. Msichana wa mwaka mmoja ana kilo 7.4. Je, yuko chini ya mstari wa tahadhari? Ni taarifa gani nyingine ungeomba kabla ya kuwashauri wazazi wake?

4. Mahitaji ya mwanafunzi kwa muhula ni shilingi 180,000. Baba hupata shilingi 400,000 kwa mwezi, mama 200,000, na wamepatana kuchangia kwa uwiano wa mapato. Kila mmoja atatoa kiasi gani? Jadilini darasani: je, siku ambazo mama anampikia mtoto zihesabiwe? Kwa namna gani?

5. Chagua programu moja iliyomo katika simu ya nyumbani kwenu. Andika ruhusa zote ilizoomba, na mbele ya kila moja eleza kama inalingana na kazi yake. Zisomeni orodha zenu pamoja na wazazi.